Farasi Hana Makuu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajaosha hata kikombe, Nelda Sturgill husoma matangazo ya farasi. Haja ya farasi hana. Pesa ya farasi hana, na trela ya kuwabebea waliiuza mwaka juzi kwa bwana mmoja wa ng'ambo ya mlima ambaye mpaka leo anadai walimpunja kwenye matairi. Nelda husoma kwa umbea tu, tena umbea mtamu, maana kwenye ule ukurasa wa kuuziana wa wilaya yao watu huandika mambo ambayo mbele ya mchungaji wasingeyatamka.

Na mwezi wa Machi ndio wenyewe. Machi, katika mabonde haya ya Kentucky, nyasi za ghalani zimekwisha na za shambani hazijaota, na kila aliyejiita mfugaji mwezi wa Juni anageuka muuzaji. Bei zinashuka kila wiki. Maandishi nayo yanazidi kuharibika kadiri mwenye farasi anavyozidi kubanwa.

"Sikiliza huyu," alisema Nelda Jumamosi hiyo, miguu yake juu ya kiti cha pili. "'Dume amehasiwa miaka tisa au kumi na tisa anaejua meno aje aangalie mwenyewe anapenda watoto hajamuuma mtu yoyote mwaka huu.'"

Mumewe Hobert alikuwa anachovya mkate wake kwenye mchuzi mweupe wa soseji. Alikuwa fundi wa mitambo ya mgodi, na mgongo wake ulibaki mgodini ingawa mwenyewe alitoka.

"Mwaka huu una siku ngapi?"

"Sitini na saba."

"Soma tena," Hobert akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa kwa tangazo. Likiwa la kawaida alikunywa kahawa yake akanyamaza. Likiwa zuri alisema soma tena, na Nelda alisoma tena kwa sauti ya mwenye farasi, akibana pua ikibidi.

Nelda alishaijua lugha yao. Mtu akiandika "anataka mpandaji mzoefu", ujue kuna aliyevunjika mkono. "Binti yangu amepoteza hamu", binti kapata mchumba. "Anahitaji chakula kidogo tu", mbavu zinahesabika. Lakini kilichomfurahisha zaidi ni picha, na katika picha hakumtazama farasi, alitazama nyuma ya farasi. Kamba ya nguo iliyoanikwa suruali za kiume tupu, basi mke kaondoka. Pikipiki mpya inang'aa kando ya farasi mwenye njaa, basi huyo ni mjinga tu na dawa yake haipo. Nelda alijisifu kwamba akipewa picha moja anaweza kukwambia nyumba ile wanakula nini.

Akasogeza kidole, akakutana na hili:

"farasi jike anauzwa miaka 16 mpole hana makuu anakula kidogo amekonda kidogo kwaajili ya baridi kwato zinataka kukatwa dola 60 au tubadilishane na msumeno wa mashine unaofanya kazi nina shida ya haraka SILETI njoo na trela yako wa kwanza kufika ndio wake asie na nia asinisumbue"

Jina halikuwepo. Ukurasa ule unamruhusu muuzaji kujificha, ila anayejibu jina lake linaanikwa lote.

"Sitini?" Hobert akaacha kutafuna. "Robota moja la nyasi sasa hivi ni tisini."

"Ndiyo nakwambia. Farasi mzima rahisi kuliko chakula chake."

Hobert hakusema soma tena. Nelda akaifungua picha ikajaa kioo. Farasi alipigwa picha kwa nyuma, kichwa kimeinama. Mifupa ya kiuno ilikuwa imechomoza mpaka ungeweza kutundikia koti, mkia umegandamana kwa matope na miiba. Hapo umbea ukamtoka Nelda, hasira ikaingia, hasira ya kweli iliyompasha masikio. Yule mama alikuwa amekulia kati ya farasi. Akaandika kwa kidole gumba kimoja, haraka, hakusoma alichoandika mara mbili:

"Mtu aliyemfanya mnyama hivi, kalelewa na mama wa namna gani?"

Akabonyeza, akaenda kuosha vyombo, moyo umetulia kama mtu aliyetoa sadaka.

Simu ililia hata sufuria haijakauka.

"Wifi! Umewapasha, wifi!" Twila, dada yake Hobert, hakuwa na salamu kwenye simu. "Watu arobaini na moja wamekupigia makofi. Mimi nimekupigia, nikabonyeza tena nikakufutia, nikakupigia upya."

"Mtu yule hana haya."

"Hana hata chembe. Ila wifi..." Twila akavuta pumzi, na Twila si mtu wa kuvuta pumzi katikati ya maneno. "Lile beseni."

"Beseni gani?"

"Analonywea huyo farasi. La kuogea, la waridi. Lina pengo ukingoni. Si lile Hobert aliliangushia spana siku ya kuling'oa? Nilikuwepo. Nilisikia matusi yaliyomtoka, na leo bado namwombea."

Nelda alikaa, akaifungua tena ile picha, na safari hii akatazama nyuma ya farasi kama alivyozoea. Beseni la waridi. Pengo la umbo la jani. Alikuwa ameogea humo miaka ishirini na mbili, kisha wakaweka bafu la kusimama kwa ajili ya mgongo wa Hobert, na beseni akapewa Colby, mtoto wao wa pekee, anyweshee farasi wake. Akashuka na macho mpaka mguu wa nyuma wa kushoto. Chini ya matope kulikuwa na soksi nyeupe ya manyoya, ile ya kuzaliwa nayo, fupi, iliyokatika upande mmoja.

Alikuwa Mabel. Mabel aliyezaliwa nyuma ya nyumba hii hii, aliyekuwa akila tufaha mkononi mwa Nelda na kumpangusia mate begani. Hana makuu, hivyo ndivyo Colby alivyokuwa akimsifia tangu akiwa mtoto wa shule. Maneno yale yale! Nelda kayasoma kwa sauti ya kubana pua na hakuyasikia.

"Wifi, uko hapo?"

"Nitakupigia," Nelda akasema.

*

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Asubuhi yote alikuwa akiwacheka watoto wa wenzake.

Lazima niseme jambo moja kuhusu Colby. Ni mtu wa kusikia neno moja akalibeba mwaka mzima. Agosti iliyopita aliacha nyasi zimekatwa zimelala shambani kwa baba yake, akakimbilia kazi ya ghala la mizigo huko mjini, kwa sababu walimpigia simu wakamwambia ni leo au basi. Usiku mvua ikanyesha, nyasi zote zikaoza. Baba yake akamwambia, "Usinitie mguu hapa mpaka ujue kumaliza kazi." Colby hakutia mguu. Maili nne tu, na hakutia mguu, si sikukuu ya shukrani ya Novemba, si Krismasi. Nelda alipompelekea keki ya Krismasi aliipokelea barabarani, akasema wote wazima, mkewe Krista mzima, kazi nzuri, asante Mama, na akasimama pale pale mpaka gari likageuza.

Sasa, kama neno la baba lilimweka mbali miezi saba, hili la mama, tena mbele ya wilaya nzima, lingemweka mbali mpaka lini? Nelda alijua jibu. Aliyatafuta maneno yake akayafuta. Yalikuwa yamekaa pale karibu nusu saa. Aliyesoma alishasoma, na hakuna kitufe cha kufuta hilo.

Chini ya tangazo kulikuwa na jibu jipya. "Naja saa tisa leo na trela pesa mkononi. Garland Pruitt." Na muuzaji asiye na jina kajibu: "sawa wa kwanza kufika"

Garland Pruitt kila mtu anamjua. Hununua farasi wa bei ya chini, hawaulizi majina, na trela yake hukusanya mpaka ijae kisha inaelekea kusini, mpakani, kwenye machinjio. Huwa mwenye adabu sana.

"Ni Mabel," Nelda akamwambia Hobert. Akamsomea yote, na alichokiandika yeye pia, maana hakuwa na nguvu ya kuficha.

Hobert alitazama mchuzi ulivyoganda kwenye sahani.

"Nilimwambia," akasema.

"Ulimwambia nini?"

"Asiache kazi katikati."

"Na mimi nimemwambia hana mama. Tushindane nani kasema vizuri?" Nelda alishasimama, anatafuta mkoba. "Nina dola themanini. Naenda kumnunua yule farasi."

"Pesa hapokei."

"Nitamlazimisha."

"Nelda. Ukimpa pesa atajua ni sadaka, atamwachia Pruitt kwa hasira." Hobert akajiinua kwa kushika meza, hatua kwa hatua, kama anavyojiinua siku za baridi. "Kasema msumeno."

Hapo alikuwa amesema kweli. Katika mabonde haya mtu anaweza kulala njaa siku tatu kuliko kupokea sahani ya jirani, lakini mletee kitu mbadilishane, mtasimama uani mpaka jua lizame. Kubadilishana si kusaidiwa.

Msumeno wenyewe, Hobert alikuwa na mmoja tu, na alikuwa hauazimi hata kwa shemasi. Nelda akamsikia huko bandani akipitisha tupa kwenye meno ya mnyororo, jino moja baada ya jingine, taratibu, saa inakwenda. Mara mbili alitaka kumpigia kelele aache. Mwishowe Hobert akatoka, akauweka kwenye buti la gari pamoja na kidumu cha mafuta.

"Mwambie bei haipungui," akasema. "Farasi kwa msumeno. Na aseme ukweli wa kwato."

"Twende wote."

"Mimi sijaitwa," Hobert akasema, akarudi ndani.

*

Nyumba ya Colby iko mwisho wa njia ya kokoto, na siku hiyo ilikuwa njia ya matope. Pikapu haikuwepo. Bomba la moshi lilikuwa halitoi moshi. Kwenye kamba ya nguo, suruali tupu za kiume, tatu, zimekakamaa kwa baridi. Nelda aliyaona hayo yote kabla hajazima injini, na kwa mara ya kwanza alitamani asingekuwa anajua kusoma picha.

Colby akatoka kibarazani amevaa koti la zamani la baba yake. Lilikuwa likimbana zamani. Sasa limempwaya.

"Mama."

"Nimekuja kwa ajili ya tangazo."

"Tangazo gani?"

"La farasi hana makuu."

Akamwangalia mama yake. Nelda akajitahidi kusoma uso ule kama anajua au hajui, na hakuambulia kitu. Uso wa Colby ulikuwa umefungwa kama duka.

"Kuna mtu anakuja saa tisa," akasema.

"Uliandika wa kwanza kufika. Mimi nimefika saa saba."

"Mama, nenda nyumbani. Kahawa yenyewe imeisha, imeisha leo leo, ningekukaribisha."

Mkebe wa kahawa ulikuwa pale ukingoni mwa kibaraza, umejaa misumari yenye kutu. Nelda akauangalia na kuuacha.

"Sikufuata kahawa. Nataka kumwona farasi. Au muuzaji hawaonyeshi wateja?"

Wakazunguka nyuma. Nelda alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini picha ni picha. Mabel aliinua kichwa kutoka kwenye beseni la waridi, akamtambua, akaja hatua tatu huku kwato ndefu zikimkwaza, akaweka pua begani kwake. Hakukuwa na uzito wowote kwenye pua ile.

"Mungu wangu, Colby!" Ikamtoka, hakuweza kuizuia. "Uliandika kidogo. Amekonda kidogo. Hiki ni kidogo? Ulikuwa unasubiri nini, mwanangu, afe akiwa amesimama?"

"Nilikuwa nasubiri majani yaote!" Naye ikamtoka. "Ghala lilitupunguza Novemba. Krista kaondoka Januari na gari, unataka nikabebe robota mgongoni? Nimempa kila kilichokuwepo. Nimempa mpaka unga wa mahindi. Nimempa nyasi za godoro la mbwa. Usidhani alikuwa anakaa na njaa mimi nikila."

Nelda akamtazama shingo yake ndani ya koti lile, akaona kwamba hilo halikuwa uongo.

"Mbona hukupiga simu?"

"Kwa nani?"

Upepo ulikuwa unapiga bati la banda, pa, pa, pa.

"Basi tufanye biashara," Nelda akasema, akijikaza. "Kwato hujazisema vizuri. Mkia una miiba. Na sitini kwa farasi huyu ni wizi."

"Sitaki pesa yako."

"Nani kakupa pesa? Uliandika msumeno." Akaenda kwenye gari, akaukokota msumeno mpaka kwenye gogo, akauweka chini akihema. "Huo hapo. Jaribu. Sitaki kesho useme mama yako kakuuzia kopo."

Colby akachuchumaa. Hakuugusa kwanza. Aliutambua hata bila kugusa. Akapitisha kidole gumba juu ya mnyororo, na kidole kikasimama.

"Nani kaunoa?"

"Uko hivyo hivyo."

"Mama. Vumbi la tupa bado mbichi." Akavuta kamba mara moja, mara mbili, ukanguruma bonde zima likaitikia. Akauzima. Alikaa amechuchumaa vile, amewapa mgongo mama yake na farasi. "Kasema nini?"

"Kasema bei haipungui. Farasi kwa msumeno, na useme ukweli wa kwato."

Mabega ya Colby yakacheka kidogo, au yalilia, Nelda hakusogea kwenda kuangalia.

"Kwato hazijakatwa tangu Septemba," akasema.

"Haya. Tumeelewana?"

Colby akanyoosha mkono. Wakashikana mikono kama wageni wawili mnadani, mama na mwana, na ule mkono ulikuwa baridi hadi mfupani.

"Trela yako iko wapi?" Colby akauliza.

"Tuliuza."

"Niliandika sileti."

"Na mimi nina magoti haya. Unataka nianguke mtoni na farasi uliyeniuzia? Mfunge kamba, umfikishe mpaka getini. Ukifika getini geuka, hakuna atakayekuzuia."

*

Maili nne zile walizitembea kwa saa mbili na nusu. Colby mbele ameshika kamba, Mabel nyuma yake, na nyuma ya Mabel gari la Nelda linatambaa, taa za tahadhari zinapepesa kama maiti inasindikizwa. Kila kibaraza kilikuwa na mtu. Jumamosi watu wako nyumbani. Waliwatazama wakaacha kuongea, na wengine walishika simu mkononi. Tangazo walishaliona wote. Sasa wakamwona mwenye tangazo, na mbavu za farasi, na gari la Nelda Sturgill, na hesabu hiyo si ngumu.

Colby hakuinamisha kichwa. Nelda ndiye aliyetamani kujificha chini ya usukani.

Karibu na daraja wakakutana na trela. Garland Pruitt akasimama katikati ya barabara, akateremsha kioo, akavua kofia.

"Mchana mwema, bibie. Kijana, huyo si farasi wangu?"

"Alikuwa wa aliyefika wa kwanza," Colby akasema.

"Mimi nimetoka mbali. Nimechoma mafuta." Akaangalia mbavu, akaangalia uso wa Colby, akaongeza kwa upole ule ule, "Naweza kufika mia moja. Mia moja hapa hapa, na hutembei tena hatua moja."

Mia moja. Nelda aliona kidole cha Colby kikisogea kwenye kamba. Kwa mtu ambaye jiko lake halina moto, mia moja si neno dogo, na Nelda hakufungua mdomo. Neno lake la leo lilitosha.

"Tumeshashikana mikono," Colby akasema.

Pruitt akarudisha kofia yake. "Basi umeuza vibaya," akasema bila chuki, akawapisha.

Walipumzika kwenye uwanja wa kanisa ili Mabel apumue. Nelda akateremka akaleta mkate wa mahindi aliokuwa ameufunga kwenye kitambaa, akampa Colby bila kumwangalia. Alikula wote, akakung'uta makombo kiganjani akampa farasi.

"Watu wanaongea sana kwenye ule ukurasa," Colby akasema ghafla.

"Wanaongea mno," Nelda akasema. "Wengi ni wapumbavu."

"Si wote."

Alikuwa anatoa miiba kwenye mkia wa Mabel, mmoja mmoja, na kuitupa kando. Nelda akajiambia hajui, pengine hakuyaona, pengine alikuwa amelala saa ile. Akajiambia tena. Swali lilikuwa pale pale mdomoni, na kila alipotaka kulisema lilirudi ndani.

*

Hobert alikuwa amesimama getini. Ilikuwa wazi alikuwa amesimama kwa muda mrefu, maana alikuwa ameegemea kwa mikono yote miwili. Colby akasimama hatua tano kabla ya geti, upande wa barabara.

"Nimemfikisha," akasema.

Hobert hakumwangalia. Akazunguka farasi mzima, akapapasa mgongo, akainua mdomo akatazama ufizi, akashika kila kwato aliyoweza kuifikia bila kuinama. Mwisho akatazama koti lake lililompwaya mwanawe.

"Ukimjaza tumbo leo, kesho amekufa," akasema, na ungedhani anamwambia Mabel. "Konzi ya nyasi kila baada ya saa nne, usiku na mchana, wiki mbili. Ukiruka hata mara moja umeharibu."

"Najua," Colby akasema.

"Mgongo wangu hauamki usiku."

Mabel akavuta kamba kuelekea banda alilozaliwa.

"Kwa hiyo nani atamaliza kazi hii?" Hobert akauliza, na sauti yake haikuwa imara. Akalivuta geti mpaka mwisho, likakwaruza matope, akaliachia wazi.

Colby akaangalia mguu wake mwenyewe kama anauagiza. Kisha akautia.

Saa mbili usiku kulikuwa na sufuria ya maharage mezani na sahani tatu. Colby alikuwa amekula mbili, akatoka kwenda kumpa Mabel konzi yake ya pili. Nelda akakaa kitini pake, akainua simu, kwa mazoea tu, kidole kikaenda chenyewe mpaka kwenye ule ukurasa. Tangazo lilikuwa bado lipo. Chini yake, dakika nne zilizopita, muuzaji asiye na jina alikuwa ameandika.

Nelda akasoma kimoyomoyo. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Nini?" Hobert akauliza. "Kuna mwingine?"

"Kuna mwingine."

"Soma basi."

Akasoma kwa sauti, bila kubana pua, na hakukuwa na mahali pa kupumzika kwa sababu mwandishi hakuweka.

"'Farasi ameshaenda msiulize tena asubuhi kuna mama aliuliza hapa nimelelewa na mama wa namna gani swali amelifuta lakini mimi nililiona jibu lake ni kwamba wa namna ya huyo huyo aliekuja kumchukua farasi asanteni.'"

Kwa mbali walisikia mlango wa banda ukifungwa, na hatua za mtu zikija taratibu kwenye matope. Hobert akausogeza mkebe wa kahawa karibu na kikombe cha tatu.

"Soma tena," akasema.